Nyumba Isiyonawishwa

Mzee Wakoli alikuwa amepita jikoni nyingi. Aliwapikia madereva wa malori kule Suam mpakani, akawapikia wavunaji wa mahindi kule Kwanza, akawapikia polisi Bungoma mpaka wakagombana naye juu ya nyama iliyopotea ambayo, Mungu anajua, hakuila yeye. Mguu wake haukukaa. Kwa hivyo alipoandikwa kazi katika shule moja ya msingi ya kikatoliki nje kidogo ya Kitale, alidhani hakuna tena jikoni la kumkasirisha. Alikosea, ila ilimchukua miaka saba kujua.

Shule ile ina nyumba nne. Si nyumba za kulala, maana watoto wote hutoka kwao asubuhi na kurudi jioni. Ni makundi. Kila mtoto hupewa nyumba akiingia gredi ya kwanza, na kila nyumba ina mtakatifu wake na rangi yake kwenye kola ya sweta. Yosefu ni bluu, Karoli Lwanga ni nyekundu, Anna ni njano, Nikolao ni kijani. Mtakatifu ana siku yake katika mwaka, na siku hiyo pale shuleni si ya mchezo. Nyumba yenye sikukuu hukalishwa kwenye mabenchi ya ukumbi kama wazee wa harusi. Nyumba nyingine tatu huwatumikia. Zinawanawisha mikono kwa jagi na beseni, zinawaletea chapati na nyama, na mwenye sikukuu haruhusiwi kuinuka hata kufuata chumvi. Kiranja wa nyumba hunawishwa na mwalimu mkuu mwenyewe, mbele ya shule nzima. Wakishiba, wale waliowatumikia ndio huosha sahani.

Kuna sheria moja tu. Mtu wa nyumba yenyewe hagusi jagi. Anayeadhimishwa hajinawishi.

Ilikuwa tarehe kumi na tisa Machi, siku ya Yosefu. Wakoli alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akijifuta jasho, chapati zote zimetoka, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kufanya ila kutazama. Akamwona mjukuu wake Nanyama, gredi ya sita, kola ya kijani, amepiga magoti kwenye sementi akimmiminia maji mvulana wa Yosefu. Mvulana yule alikuwa anacheka na mwenzake. Akarusha vidole, maji yakampiga Nanyama usoni.

"Pole," mvulana akasema. "Lakini si nyinyi wa Nikolao mmezoea? Nyinyi ni wa kuosha tu."

Wenzake wakacheka. Nanyama alijifuta kwa mkono wa sweta akasogea kwa anayefuata.

Jioni walipokuwa wakitembea kurudi nyumbani, msichana akamuuliza babu yake, "Kuka, yetu tutakula lini?"

"Yenu gani?"

"Siku ya Nikolao. Lwanga ni Juni. Anna ni Julai. Yetu sijawahi kuona."

Wakoli akazihesabu sikukuu kichwani. Alikuwa amepika sikukuu za shule ile miaka saba. Alijua kila nyumba inakula chapati ngapi, nani huiba ya pili, nani hula mchuzi bila nyama. Na hakuwahi hata siku moja kuwapikia kijani. Hilo lilikuwa limekaa mbele ya macho yake miaka saba na hakuliona, kama mtu anayetafuta kofia aliyoivaa.

"Ni Desemba," Nanyama akajibu mwenyewe. "Tarehe sita. Mwalimu Kipkemboi alituambia. Shule huwa imefungwa."

"Na wewe unamaliza mwaka huu."

"Ndio. Oktoba."

Usiku huo mzee alilala vibaya. Kilichomchoma zaidi ni kwamba nyumba ile alimchagulia mjukuu yeye mwenyewe. Siku ya kumwandikisha aliulizwa, "Unataka mtoto aingie nyumba gani?" Wazazi wenzake walikuwa wakipigania Yosefu na Anna, na yeye hakujua wanapigania nini. Akatazama picha nne ukutani. Akaona mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo mkononi, uso wa mtu aliyetoka mbali. Akasema, "Huyu. Huyu ni msafiri kama mimi." Karani akaandika haraka, akafurahi sana, na Wakoli alidhani amefurahia chaguo zuri.

Sasa alianza kuhesabu nani wako kijani. Sumeya, mtoto wa Fadumo anayeuza chai karibu na msikiti. Naim, mtoto wa Alwi mwenye bucha. Watoto wa madhehebu ya ngoma na kanzu nyeupe. Waliokuja katikati ya muhula. Wasio na cheti cha ubatizo. Watoto wa mfagizi, mtoto wa bawabu, mjukuu wa mpishi. Mzazi mwenye mdomo hakuacha mtoto wake huko. Nikolao ilikuwa mahali pa kuwekwa wale ambao hakuna atakayekuja kuuliza.

Basi akaenda kuuliza.

Mwalimu mkuu alikuwa Madam Phelista, mama mnene nadhifu, mwenye sauti ya upole ambayo ilimmaliza mtu nguvu kabla hajaanza. Alimkaribisha Wakoli kwenye kiti.

"Madam, nimekuja kwa ajili ya watoto wa Nikolao. Hawajawahi kunawishwa."

"Ah, hilo." Alitabasamu. "Mzee, siku ya mtakatifu haipangwi na mimi. Ni Kanisa. Nikolao ni tarehe sita Desemba. Mimi nitafanya nini, nifungue shule kwa chapati?"

"Mwaka ule Yosefu alipoangukia Jumapili ya Kwaresima, si mlimsogeza Jumatatu? Nilipika mimi."

"Alisogezwa na Kanisa, sio na mimi."

"Kwa hivyo mtakatifu anaweza kusogezwa."

Tabasamu la Madam likapungua kidogo. "Mzee Wakoli, wewe ni mtu wa sufuria. Mambo ya watakatifu utuachie sisi. Ama niletee karatasi ya Kanisa inayosema Nikolao ana siku nyingine. Ukileta, tutaongea."

Alisema hivyo kama mtu anayemtuma mtoto kuleta maji kwa kikapu. Wakoli akainuka. Mikono ilitaka kupiga meza, na kwa sababu alikuwa ameshafukuzwa jikoni nne kwa ajili ya mikono hiyo, aliiweka mfukoni akatoka.

Shule zilipofungwa Aprili, akateremka Bungoma. Alikuwa amesikia kwamba aliyezipa nyumba zile majina ni katekista mmoja, Wepukhulu, ambaye alifanya kazi Kitale zamani kabla ya kurudi kwao. Haikuwa kazi kumpata. Uliza katekista mzee Bungoma, watu watakuonyesha kwa kidevu. Alimkuta nyuma ya nyumba yake ameketi kwenye debe, akipukuchua mahindi ya mbegu.

"Mulembe," Wakoli akasema.

"Mulembe. Kaa, ndugu yangu. Shika gunzi."

Wakapukuchua kwanza. Wakoli akaeleza. Alipofika kwenye jina la Nikolao, vidole vya Wepukhulu vikasimama.

"Bado hawajala?" akauliza.

"Bado? Kwani waliwahi kula?"

Mzee yule akainuka, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu. Alirudi na kitabu kilichokatika mgongo, kalenda ya zamani ya watakatifu, yenye muhuri wa parokia. Akakifungua kwenye mwezi wa Mei akaweka kidole.

"Soma hapa. Tarehe tisa."

Wakoli hakuwa msomaji wa mbio. Masomo yake aliyaokota vipande vipande, mwaka hapa, mwaka pale. Alisoma polepole, kwa midomo. Kuhamishwa kwa mifupa ya Mtakatifu Nikolao.

"Huyu mtu alizikwa kwao," Wepukhulu akasema. "Miaka mingi baadaye wakaja mabaharia, wakachukua mifupa yake, wakaipeleka nchi ingine kabisa. Wengine wanasema walimwokoa, wengine wanasema walimwiba. Lakini siku aliyofika huko inakumbukwa. Ni Mei tisa. Mimi nilimchagua nikijua. Ati ningechagua mtakatifu wa likizo? Mimi si mjinga, bana. Watoto wa Nikolao walikula Mei tisa miaka minne mfululizo. Nilikuwa nakata nyama mimi mwenyewe."

Wakoli akamtazama. Kumbe msafiri alikuwa msafiri kweli. Hata kufa hakukumtuliza.

"Sasa nani aliitoa?"

Wepukhulu akachukua gunzi, akaliweka chini. "Unakumbuka ule mwaka wa fujo za uchaguzi. Elfu mbili na nane. Watu wamelala uwanjani, wengine wamelala kanisani, unga wote wa shule umeenda kwa waliochomewa nyumba zao. Mei ikafika. Mwalimu mkuu wa wakati huo akasema, mwaka huu tu Nikolao wasubiri. Yosefu walikuwa wamekula Machi unga wa mwisho, hawa ndio waliofuata. Juni unga ukapatikana, Lwanga wakala. Julai Anna wakala."

"Na Nikolao?"

"Wakasubiri."

"Nani aliwaambia wasubiri?"

Kuku alipita katikati yao akidonoa punje. Wepukhulu hakumfukuza.

"Niliwaambia mimi. Niliwakalisha chini nikawaambia Mtakatifu Nikolao alipenda kutoa kuliko kupokea. Walikubali vizuri sana. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu akaona, mbona wanakaa tu kimya, tusirudishe. Halafu akaja mwingine, akakuta Desemba kwenye kalenda ya ukutani. Na mimi nikahamishwa."

"Miaka kumi na saba," Wakoli akasema.

"Ndio."

"Na wewe umekaa hapa na hiki kitabu."

Wepukhulu akaliokota tena gunzi lile. Wakoli alikuwa na maneno mengi kwenye ulimi, mengine ya jikoni la polisi, hayafai mbele ya katekista. Alifikiria watoto waliotoka shule ile, ambao leo wana ndevu, wana waume, wana watoto, na ambao walipewa hekima ya kunyamaza ili wengine wale kwa raha. Akakifunga kitabu.

"Nakichukua."

"Kichukue. Wakoli, uwaambie..."

"Siwaambii kitu," akasema. "Umeshawaambia ya kutosha."

Muhula wa pili ulipofunguliwa, siku ya kwanza kabisa, aliweka kitabu mezani kwa Madam Phelista, kimefunguliwa pale pale. Madam akavaa miwani. Akasoma. Akageuza jalada, akatazama muhuri. Hakukuwa na pa kukwepea.

"Ni kweli," akasema. "Sikuwa najua. Asante, Mzee."

Wakoli akapumua.

"Lakini kalenda ya muhula imeshachapishwa na wazazi wameshapelekewa. Na tumeshakaa na bodi, tukaona hii nyumba inaleta manung'uniko. Kwa hivyo mwaka ujao tunaondoa Nikolao. Tunaweka Mtakatifu Rita, ana siku nzuri mwezi wa tano, kila mtu anaijua. Unaona? Shida imeisha."

"Na hawa wa gredi ya sita?"

"Hao watakuwa wameenda."

"Wataenda hawajanawishwa."

"Mzee, ni chapati. Watoto husahau."

"Madam, yule mvulana aliyemrushia Nanyama maji usoni, yeye atasahau. Aliyerushiwa hasahau." Sauti ilikuwa imepanda, akairudisha chini. "Shida haijaisha. Unaisubiri tu itoke getini na sweta yake."

"Rudi jikoni," Madam Phelista akasema, na safari hii upole ulikuwa umetoka.

Akarudi jikoni. Lakini jioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita msikitini kwa Fadumo, akaketi kwenye benchi la chai, akamweleza yote. Fadumo alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mwepesi. Alisikiliza huku akimimina.

"Kwa hivyo Sumeya wangu anaosha sahani za wenzake kila mwaka, na hakuna anayeosha yake."

"Ndivyo."

"Na hakuniambia."

"Hata wangu alikaa miaka sita."

"Huyo mtakatifu wenu ni nani hasa?"

"Mzee mmoja aliyezikwa mara mbili."

Fadumo akafikiri. "Si wangu," akasema. "Lakini mtoto ni wangu. Nitaleta sufuria mbili na unga pakiti nne. Alwi nitamwambia mimi mwenyewe. Nyama achinje yeye, ili wote wale."

Habari ikatembea chinichini, kutoka benchi hadi bucha, bucha hadi kwa mfagizi, mfagizi hadi kwa bawabu. Hakuna aliyechapisha kitu.

Mei tisa iliangukia Ijumaa. Alfajiri, bawabu alifungua geti mapema kuliko kawaida na akageukia upande mwingine kutazama ua ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa. Wazazi wa kijani wakaingia na kuni zao, unga wao, mafuta yao. Wakoli hakugusa stoo ya shule. Mchele na maharagwe ya Ijumaa ya watoto wengine aliyapika kama siku zote, hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake. Lakini pembeni, kwenye mafiga matatu, Fadumo alikuwa akigeuza chapati kwa vidole vitupu, na mchuzi wa Alwi ulikuwa unanukia mpaka gredi ya kwanza wakashindwa kusoma.

Saa sita na nusu kengele ikalia. Watoto wa Nikolao, themanini na wawili, wakaingia ukumbini wakaketi kwenye mabenchi ya sikukuu, Nanyama mbele kwa sababu ndiye kiranja. Nyumba nyingine zikasimama mlangoni na sahani zao za maharagwe, zisijue pa kuingia.

Madam Phelista akaja kwa hatua za haraka, Mwalimu Kipkemboi nyuma yake.

"Wakoli, hii ni nini?"

"Ni Mei tisa, Madam."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Chakula ni chao. Kuni ni zao. Nyama ni ya Alwi. Cha shule ni hiki peke yake." Akamnyoshea jagi la maji na beseni.

Madam alilitazama jagi kama kitu kilichookotwa barabarani. "Sishiki hiyo. Hii si sikukuu, hii ni uasi. Watoto, inukeni. Chukueni chakula mstarini kama siku zote."

Hakuna aliyeinuka.

"Basi kuleni hapo hapo mmalize, mrudi darasani," akasema, akageuka akaenda zake ofisini.

Chapati zilikuwa mezani. Wakoli akaona uso wa Sumeya ukishuka, akaona watoto wadogo wa gredi ya kwanza wakimeza mate. Akasema, basi, nitawanawisha mimi. Akainamisha jagi mbele ya Nanyama.

Nanyama akarudisha mikono yake nyuma.

"Hapana, Kuka."

"Nawa ule, mtoto wangu. Zitapoa."

"Wewe ni wa kwetu. Wa kwetu hagusi jagi."

"Mama Sumeya basi."

"Naye ni wa kwetu." Alisema bila kumtazama, macho kwenye mlango wa ofisi. "Tumesubiri siku nyingi. Tutasubiri na leo. Lakini leo hatuoshi sahani ya mtu."

Akakunja mikono kifuani. Naim akakunja. Sumeya akakunja. Ikapita benchi hadi benchi, mpaka wale wadogo kabisa, ambao hawakujua ni kwa nini, wakakunja mikono yao mifupi wakiwa wamekaza midomo. Wakoli alibaki na jagi lake. Katika jikoni zote alizofukuzwa alikuwa amepiga meza, amerusha mwiko, ametukana. Hakujua kwamba hasira inaweza kuketi hivyo, imenyooka mgongo, mbele ya nyama.

Kengele ya kurudi darasani ikalia. Themanini na wawili wakabaki. Mlangoni, wale wa nyumba nyingine hawakuondoka. Msichana mmoja wa Anna, aliyeitwa Wangu, alisogea akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mimi naweza kuwanawisha hao wadogo?" Mwalimu Kipkemboi akatazama ofisini, akatazama viatu vyake.

"Kiranja kwanza," Nanyama akasema. "Ndiyo sheria. Na kiranja hunawishwa na mwalimu mkuu."

Mwalimu Kipkemboi akaenda ofisini. Haijulikani alisema nini huko. Wengine wanasema alimwambia kuna mzazi anayepiga picha kwa simu, na kweli, Alwi alikuwa ameinua yake. Wengine wanasema hakusema kitu, alifungua tu dirisha ili Madam awaone.

Madam Phelista akatoka. Alitembea ukumbi mzima bila kumtazama mtu, akakunja mikono ya blauzi mara mbili, akachukua jagi kutoka kwa Wakoli kwa nguvu hata maji yakaruka. Uso wake haukuwa wa sikukuu.

"Haya. Lete mikono."

Nanyama akanyosha mikono juu ya beseni. Hakufanya haraka. Akachukua kipande cha sabuni pembeni mwa beseni, akasugua viganja, akasugua migongo ya mikono, akapita kidole kwa kidole, na katikati ya vidole, na chini ya kucha, kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Maji tu ndiyo yaliyosikika. Akasimamisha mikono hewani, ina povu.

"Ongeza, Madam," akasema kwa adabu kabisa.

Madam akaongeza.

Barua ya kumwachisha kazi Wakoli ilikuja Jumatatu. Aliipokea akiwa amesimama, akaikunja ndogo, akaiweka kwenye kitabu cha katekista, ukurasa wa Mei. Haikumsumbua. Kilichokuwa kinamsumbua, hata alipokuwa akifunga mkoba wake, ni wale wa miaka kumi na saba iliyopita, ambao hakujua majina yao, na ambao jagi lile halikuwafikia. Alitaka kumkasirikia mtu mmoja kwa ajili yao na akashindwa kuchagua. Kwa hivyo aliondoka na hasira yake nzima, nzito begani, na hakutafuta pa kuitua.